Maswali ya Wasomaji: Eksirei ni Mionzi, Mashine au Picha?

Katika toleo lililopita tulijibu swali kuhusu kikohozi kinachozidi wiki 2, na katika jibu hilo neno "eksirei" lilijitokeza mara nyingi. Barua zilizofuata hazikuuliza sana juu ya kikohozi. Ziliuliza juu ya neno lenyewe. Nimefurahi, kwa sababu kabla ya kuhamia kwenye meza ya uhariri nilifanya kazi miaka mingi katika chumba cha eksirei, na nimeona mara nyingi jinsi mgonjwa na mhudumu wanavyotamka neno moja huku kila mmoja akiwa na kitu chake kichwani.

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya sekondari hapa Tanga. Mwanafunzi wangu ameandika katika insha yake: "Mgonjwa alipelekwa eksirei, eksirei ikampiga, kisha daktari akaitazama eksirei yake." Nilitaka kumsahihisha nikashindwa kujua nianzie wapi, maana neno ni lile lile na kila mara limetaja kitu kingine. Je, eksirei ni chumba, ni mashine, ni mionzi au ni picha? Na je, si afadhali tuliache na tutumie "uyoka", ambalo ni neno letu?

JIBU: Mwalimu, usimkate mwanafunzi huyo alama nyingi. Ameandika jinsi watu wanavyosema, na Kiswahili kimezoea kulipa neno moja kazi zaidi ya moja. Tunasema "nipe simu yako", tukimaanisha kifaa, na muda huo huo tunasema "nimepata simu kutoka nyumbani", tukimaanisha maongezi, wala hakuna anayechanganyikiwa. Shida ya eksirei ni kwamba hapa kuchanganya kitu na kitu kunaweza kumfanya mgonjwa akatae kipimo anachokihitaji, au aogope kipimo kisicho na la kuogopwa.

Kwa asili yake, neno linataja mionzi. Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg nchini Ujerumani, mwanafizikia Wilhelm Conrad Röntgen alikuwa akipitisha umeme katika mrija wa kioo uliotolewa hewa. Mrija ulikuwa umefunikwa kwa karatasi nene nyeusi, chumba kilikuwa giza, na bado kiwambo kilichopakwa kemikali, kilichokuwa pembeni kabisa, kikawa kinang'aa. Kitu fulani kilikuwa kinatoka ndani ya mrija na kuipenya ile karatasi. Kwa kuwa hakujua ni kitu gani, alikiita X, ile X ambayo wanafunzi wako huambiwa na mwalimu wa hisabati waitafutie thamani. Mwezi uliofuata aliupiga picha mkono wa mke wake, Anna Bertha, na mpaka leo picha ile inashangaza: mifupa ya vidole imetokeza wazi, nyama imebaki kama ukungu, na pete imeng'ang'ania kidole kama imevishwa mfupa mtupu. Mwaka 1901 Röntgen alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa.

Wajerumani waliita mionzi hiyo kwa jina lake. Sisi tulilipokea jina kutoka kwa Waingereza, walioshika ile X, na tulilipokea kwa sikio: herufi X haimo katika alfabeti yetu, konsonanti zilizobanana zikatiwa irabu katikati, na ikazaliwa eksirei. Katika safari hiyo maana ya jina ilidondoka njiani. Anayesikia "eksi" ndani ya eksirei hasikii tena "kisichojulikana", anasikia hospitali. Nadhani ndiyo maana neno halikukaa kwenye mionzi, likahamia kwenye mashine inayoitoa, kwenye picha inayopatikana, na mwisho kwenye chumba chenyewe, hata mtu akasema "nimetoka eksirei" kama asemavyo "nimetoka sokoni".

Ushauri wangu kwa insha, na hata kwa ripoti, ni kuweka neno la pili pale maana inapoweza kuteleza: mionzi ya eksirei, mashine ya eksirei, picha ya eksirei, chumba cha eksirei. Katika sentensi ya mwanafunzi wako mahali pa kusahihisha ni pamoja tu, nako ni "eksirei ikampiga". Mashine haimpigi mtu. Mhudumu ndiye anayempiga mtu picha. Kuhusu ngeli, lichukulie kama nomino nyingine za kukopa za I-/ZI-: eksirei yangu imepotea, eksirei zangu zimepotea.

"Uyoka" ni neno lililomo katika kamusi na sina ugomvi nalo. Lina hata faida moja ambayo eksirei haina, kwamba linataja mionzi peke yake na halijahamia kwenye mashine wala kwenye chumba. Katika kitabu cha fizikia lingefaa sana. Lakini mwambie mgonjwa aliyeumia mguu, "Nenda ukapigwe uyoka," uone atakavyoshtuka, maana sikio lake litasikia nyoka kabla halijasikia kitu kingine.

SWALI: Bibi yangu ana umri wa miaka 80. Alianguka bafuni, daktari akaagiza apigwe eksirei ya nyonga, naye amekataa katakata. Anasema amepigwa vya kutosha na maisha, hataki kupigwa na mashine. Tunacheka, lakini maumivu hayapungui. Hakuna kitenzi kingine cha kumwambia?

JIBU: Kwanza mfikishie bibi shikamoo yangu. Kisha mwambie kwamba katika shughuli yote hiyo kuna kitu kimoja tu kinachopigwa, nacho kimo ndani ya mashine. Ndani ya mrija kuna waya unaopashwa moto hadi utoe elektroni. Umeme wa makumi ya maelfu ya volti huzisukuma elektroni hizo kwa kasi kubwa mpaka zigonge kipande cha chuma kiitwacho tangsteni, na katika mgongano huo mionzi huzaliwa. Karibu nguvu yote ya pigo hilo huishia kuwa joto, na isiyofika asilimia 1 ndiyo huwa mionzi. Tangsteni ndiyo inayoumia. Kwa bibi yako mionzi hupita kama mwanga upitavyo kwenye nguo: kwenye chandarua hupita, kwenye khanga iliyokunjwa mara nne huzuiwa. Nyama ni chandarua, mfupa ni khanga iliyokunjwa. Kile kinachofanikiwa kupita ndicho kinachochora picha upande wa pili.

Mionzi haina joto, haina harufu, haina sauti. Sauti anayoweza kuisikia ni mlio mfupi wa mashine. Atakachokihisi ni ubaridi wa meza, na pengine maumivu ya kugeuzwa mguu ukae sawa, jambo ambalo ni vyema mhudumu akaambiwa mapema ili amgeuze taratibu. Ataambiwa atulie kabisa kwa muda usiofika hata sekunde moja. Umeme ukikatwa, hakuna mionzi inayobaki chumbani wala mwilini mwake, kama vile taa ikizimwa hakuna mwanga unaobaki ukutani.

Kitenzi "piga" hakikwepeki. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga picha, na katika hayo yote hakuna anayevimba. Wapo wanaoandika "kuchukua eksirei", lakini masikioni mwangu hicho ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu, na anayekisikia anaweza kudhani unakwenda kuibeba. Kwa bibi yako ningeacha neno eksirei kabisa na kusema, "Bibi, tunakwenda kupiga picha ya mfupa." Picha anaijua, amepiga nyingi siku za harusi.

Naongeza kisa kimoja kwa kuwa kinahusu maneno yale yale yanayotisha. Mzee mmoja alikuja kumshikilia mjukuu wake wakati wa kupigwa picha ya mkono, nami nikamwambia kama nilivyozoea, "Mzee wangu, vaa hii aproni ya risasi." Alirudisha mikono nyuma na kuuliza, "Ya risasi, kwani humu kuna vita?" Nilikuwa nimesahau kwamba jina la madini mazito yanayozuia mionzi ndilo jina la kile kinachotoka kwenye bunduki. Tangu siku hiyo nilisema "aproni nzito ya kinga".

SWALI: Niliandikiwa kwenda "Idara ya Mionzi" kupiga picha ya kifua. Karatasi ikaonekana na jirani, na kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulikuwa umeshaamua kwamba nina saratani. Je, mionzi si ile wanayochomwa wagonjwa wa saratani?

JIBU: Pole. Jirani zako wamekosea kuhusu afya yako, ila ni kweli kwamba neno moja linabeba mambo 2. Kuna mionzi ya kupigia picha na kuna mionzi ya kutibia. Mtu akisema ndugu yake "yupo Ocean Road anapata mionzi", kila mkazi wa Dar es Salaam ataelewa kwamba ni tiba ya saratani, kwa sababu taasisi iliyopo barabara hiyo inajulikana kwa kazi hiyo. Hospitali nyingine zinapoandika "mionzi" kwenye mlango wa chumba cha picha, msomaji hubeba maana ya Ocean Road na kuipachika pale.

Tofauti ya vipimo ni kubwa mno. Dozi ya tiba ya saratani huhesabiwa kwa grei, kizio cha kupimia mionzi iliyopokewa na mwili, na kwa uvimbe mwingi jumla yake hufika makumi ya grei, zikigawanywa katika siku nyingi na kulengwa mahali pamoja ili kuua chembe za uvimbe. Picha moja ya kifua haifiki hata sehemu moja ya elfu ya grei moja. Tena mionzi ya aina hii tunaishi nayo kila siku bila kujua: ardhi, mawe, vyakula na anga hutupatia, kwa wastani wa dunia, takribani milisiveti 2.4 kwa mwaka (milisiveti ni kizio kidogo cha kupimia athari ya mionzi mwilini), na picha ya kifua huongeza kiasi ambacho mtu angekipata kwa siku chache tu za kuishi. Hilo halina maana kwamba picha zipigwe kiholela. Kanuni ya fani ni kwamba kila picha iwe na sababu, na dozi iwe ndogo kadiri picha inavyoruhusu.

Kama mimi ningekuwa ndiye mwenye kuandika vibao vya milangoni, ningeandika "Radiolojia" au "Chumba cha Picha", na neno mionzi ningeliacha kwenye kile kibao cha njano cha tahadhari.

SWALI: Nina mimba ya miezi 5. Kliniki wameniambia nikapige picha ya mtoto. Mama mkwe ananikataza, anasema eksirei hudhuru mimba. Nani yuko sahihi?

JIBU: Dada yangu, wote wako sahihi, kwa kuwa hawazungumzii kitu kimoja. Kliniki wamekuandikia altrasaundi. Mama mkwe amesikia "picha ya ndani ya mwili" akaelewa eksirei, kama wanavyoelewa watu wengi, na hofu yake ina msingi. Kuanzia mwaka 1956 daktari Alice Stewart na wenzake wa Oxford nchini Uingereza walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watoto ambao mama zao walipigwa eksirei ya tumbo wakiwa wajawazito walipata saratani za utotoni mara nyingi zaidi kuliko watoto wengine. Kabla ya hapo kumpiga mjamzito eksirei ya nyonga lilikuwa jambo la kawaida. Ndiyo sababu leo mwanamke huulizwa kama ana mimba au kama amechelewa kuona siku zake kabla ya kuingia chumbani, na ndiyo sababu swali hilo lijibiwe kwa ukweli hata kama mume au mama mkwe amesimama mlangoni. Ikitokea mjamzito amevunjika mkono, picha hupigwa kwa tahadhari, kwa sababu mkono uko mbali na mtoto. Lakini uamuzi huo ni wa daktari.

Altrasaundi haina eksirei hata kidogo. Jina lenyewe linataja sauti iliyopita uwezo wa sikio: sikio la binadamu hukomea kwenye mitetemo takribani 20,000 kwa sekunde, na mashine hii hutumia mitetemo ya mamilioni. Kifaa kinachopitishwa tumboni hutuma sauti na kusubiri mwangwi wake, na kutokana na mwangwi huo mashine huchora picha. Kile kimiminika cha baridi wanachokupaka si dawa. Kinaondoa hewa kati ya kifaa na ngozi, kwa kuwa hewa huzuia sauti hiyo isiingie. Njia hii iliingia katika uzazi kupitia kazi ya Ian Donald na wenzake wa Glasgow, waliochapisha picha zao mwaka 1958, na tangu hapo imekuwa ndiyo dirisha la kumtazamia mtoto tumboni.

Kwa kuwa tumefika hapa, niseme neno juu ya vipimo vingine 2 vinavyowachanganya watu mitaani. MRI si eksirei. Hutumia sumaku yenye nguvu sana na mawimbi ya redio, hupiga kelele kama fundi bati, na anayeingia humo anatakiwa ataje kila chuma alichonacho mwilini. Lakini CT skani, ambayo watu wengi hudhani ni kitu cha aina ya pekee, ni eksirei kabisa. Mrija unamzunguka mgonjwa, kompyuta inakusanya vipimo kutoka kila upande na kuutoa mwili vipande vipande kama mkate uliokatwa. Mgonjwa wa kwanza alipimwa hivyo London tarehe 1 Oktoba 1971 kwa mashine ya Godfrey Hounsfield. Dozi yake ni kubwa kuliko ya picha ya kawaida mara nyingi sana, kwa hiyo daktari akikuuliza kama umewahi kupigwa eksirei, na CT uihesabu.

SWALI: Huku Goma daktari hutuambia tukapige "radio". Nikimwambia shemeji yangu wa Arusha, hucheka na kuniuliza ni wimbo gani nimesikia. Je, tunakosea?

JIBU: Hamkosei. Madaktari wenu wamesoma kwa Kifaransa, na Kifaransa hulifupisha neno radiografia kuwa radio, kama vile altrasaundi kwao ni ekografia. Shemeji yako amekopa kwa Mwingereza, wewe umekopa kwa Mfaransa. Ila ukivuka mpaka kwenda kutibiwa, beba picha yenyewe. Hiyo haihitaji mkalimani.

SWALI: Ripoti yangu ya picha ya kifua imeandika "kivuli pafu la kulia". Nimeinua picha dirishani, nikaona sehemu yenye weupe, tena iko upande wa kushoto. Je, nimepewa ripoti ya mtu mwingine?

JIBU: Huenda ripoti ni yako kabisa, na macho yako hayakukosea. Yaliyokuchanganya ni mambo 2, na la kwanza ni neno.

Kivuli tunachokijua ni cheusi, kwa sababu mwanga umezuiwa usifike ukutani. Kwenye eksirei nako kivuli ni mahali ambapo mionzi imezuiwa isifike, lakini filamu huwa nyeusi pale mionzi ilipoiangukia na hubaki nyeupe pale ilipozuiwa. Mapafu yamejaa hewa, hivyo hutoka meusi. Mbavu na moyo hutoka vyeupe. Pakiwa na maji, usaha au kovu ndani ya pafu, mionzi huzuiwa pale na weupe hutokea mahali palipotakiwa kuwa peusi. Weupe huo ndio kivuli cha daktari. Wala kivuli si jina la ugonjwa. Kinaweza kuwa nimonia, kinaweza kuwa kifua kikuu, kinaweza kuwa kovu la zamani lisilodai tiba yoyote, na ndiyo maana baada ya neno hilo ripoti nyingi huomba makohozi yapimwe.

La pili ni upande. Picha ya kifua huangaliwa kana kwamba mgonjwa amesimama mbele yako mnatazamana, kwa hiyo mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto. Ili kusitokee ubishi, mhudumu huweka kiherufi cha risasi (ile ya madini, si ya bunduki) kabla ya kupiga picha, nacho hutokea cheupe kwenye kona: R kwa kulia, L kwa kushoto. Itafute herufi hiyo, kisha ulinganishe jina, namba ya jalada na tarehe vilivyoandikwa kwenye picha na vile vilivyo kwenye ripoti. Vikilingana, picha ni yako. Visipolingana, rudi leo hii kwenye chumba ulikopigiwa picha, ukiwa na karatasi zote mkononi.